Tetekuwanga na Neno "Kawaida"

Lugha ina mizani yake ya kupimia maradhi, na mizani hiyo si ile ya tabibu. Katika Kiswahili, maradhi matatu ya vipele yamekaa bega kwa bega kwa muda mrefu, lakini hayakupewa heshima moja. Ndui ilitajwa kwa kunong'ona, na mpaka leo, miaka mingi baada ya kutoweka duniani, jina lake bado lina ubaridi vinywani mwa wazee. Surua hutajwa kwa tahadhari, na mama aliyewahi kumuuguza mtoto wa surua hausahau usiku wake. Tetekuwanga hutajwa kwa tabasamu. Husemwa kuwa ni ugonjwa wa watoto, kwamba kila mtu ataupata, kwamba mwenye kuupata akiwa mdogo amebahatika. Na mwisho mazungumzo hufungwa kwa neno moja ambalo likishatamkwa hapana tena la kujadili: ni kawaida.

Neno hilo lina nyuso mbili. Uso mmoja hueleza: jambo fulani hutokea mara nyingi. Uso wa pili huhukumu: jambo hilo halifai kumshughulisha mtu. Mwenye kuzoea mashairi huijua hatari ya neno la namna hii, kwa kuwa msikilizaji huukubali uso wa kwanza, kisha akajikuta amekwisha kuubeba wa pili bila ya kuulizwa. Kwamba tetekuwanga hutokea mara nyingi, hapana anayebisha. Kwamba kwa hiyo haifai kuzuiwa, hilo ni jambo jingine kabisa, nalo lahitaji hoja yake.

Tabasamu hilo limewahi kuponza. Mwezi Oktoba 1977, katika mji wa Marka, mwambao wa Banadiri, kijana mpishi wa hospitali, Ali Maow Maalin, aliingia katika gari lililowabeba wagonjwa wawili wa ndui ili amwonyeshe dereva njia. Safari ilikuwa ya dakika chache tu. Siku kumi baadaye alishikwa na homa, akatibiwa malaria; vipele vilipotoka, aliambiwa ana tetekuwanga, akarejeshwa nyumbani. Ilikuwa ndui, na baadaye ikathibitika kuwa ndiyo ya mwisho duniani kumpata mtu kwa njia ya maumbile. Zaidi ya watu 50,000 walichanjwa katika muda wa majuma mawili, kwa ajili ya mgonjwa mmoja aliyepewa jina lisilo lake. Njia za kuyatenga maradhi hayo mawili zilikuwa zikijulikana: tetekuwanga hujaa zaidi kifuani na mgongoni, vipele vyake hutoka kwa mafungu, vibichi na vikavu vikikaa pamoja, na viganja na nyayo aghalabu husalimika; ndui hujaa usoni na kwenye viungo, na vipele vyake hukomaa kwa wakati mmoja. Lakini jicho huona kile ambacho neno limelitayarisha kukiona. Maalin mwenyewe, ambaye kabla ya hapo aliikwepa sindano kwa kuogopa maumivu, aliumalizia umri wake akiwashawishi wazazi wa Somalia wapokee chanjo ya polio, akafariki mwaka 2013. Na Machi 2025, Tanzania ilipotangaza wagonjwa wake wa kwanza wa mpox, ile iliyokuwa ikiitwa ndui ya nyani, kazi ya kutenga kipele na kipele ilirudi mezani upya, kwani tetekuwanga ndiyo inayochanganywa nayo mara nyingi.

Basi swali ni hili: je, ugonjwa ulio mwepesi kwa walio wengi humwondolea mtu mzima wajibu wa kuuzuia usiwafike watoto? Swali la namna hii ni rahisi kulijibu katika mji wenye duka la dawa kila pembe. Hupimwa vyema zaidi mahali ambapo kila chupa ya dawa ina safari ndefu nyuma yake. Mahali pamoja pa namna hiyo ni Songambele.

Kata ya Songambele imo katika Wilaya ya Kyerwa, mkoani Kagera, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Ni nchi ya vilima na migomba, ya kahawa na maharage, inayopakana na Uganda na Rwanda. Kutoka huko hadi Bahari ya Hindi ni kuivuka Tanzania nzima. Majina ya jirani zake, Kaisho, Isingiro, Nkwenda, Mabira, Murongo, yana mlio wa lugha za huko. Songambele ni Kiswahili kitupu, tena ni amri. Ni amri ile ile anayoitoa msimamizi wa foleni.

Na foleni ipo. Siku ya kliniki, mama humfunga mtoto mgongoni, huchukua kadi yake, na hungoja zamu ya mizani na ya sindano. Katika kadi hiyo zimeandikwa kinga kwa mpangilio wa umri: kifua kikuu na polio tangu kuzaliwa, katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, chanjo moja yenye kinga tano, za dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini na homa ya uti wa mgongo, pamoja na kinga ya nimonia, matone ya kuzuia kuhara, yaliyoongezwa katika mpango wa taifa pamoja na hiyo ya nimonia kuanzia 2013, kisha, katika mwezi wa 9 na wa 18, surua na rubela kwa sindano moja. Tetekuwanga haimo katika kadi. Haimo Songambele, haimo Unguja wala Pemba. Na Gavi, ushirika wa kimataifa unaozisaidia nchi zenye kipato kidogo kununua chanjo, haukuiweka katika orodha ya zile unazozigharimia.

Ni haki kulitetea pengo hilo kabla ya kulilaumu. Shirika la Afya Duniani, katika waraka wake wa 2014, lilikisia kwamba tetekuwanga huua watu wapatao 4,200 kwa mwaka duniani kote. Surua, pamoja na kuwa ina chanjo ya miaka mingi, ilikisiwa kuwaua watu 107,500 katika mwaka 2023 pekee, wengi wao watoto wadogo. Aliyepewa jokofu moja, muuguzi mmoja na fungu moja la fedha, kisha akaanza na tetekuwanga huku surua ikingoja, atakuwa amekosea, tena amekosea kimaadili. Watu hupenda kusema kwamba kinga ni bora kuliko tiba, na usemi huo huishi vizuri kwenye kuta za zahanati; lakini mwenye kupanga mambo ya nchi nzima haulizwi achague baina ya kinga na tiba. Huulizwa achague baina ya kinga na kinga, na kila anayoichagua huiacha nyingine.

Kwa hiyo kuichelewesha chanjo hii si dhuluma. Dhuluma huanza pale sababu ya kuichelewesha inapobadilishwa jina. Mtu anayesema "bado" anakiri kwamba lipo deni, na deni lina mwenyewe. Anayesema "kawaida" amelifuta deni bila ya kulilipa. Mtoto wa Songambele akiambiwa kwamba zamu ya kinga hii haijafika, ameambiwa ukweli na ameheshimiwa. Akiambiwa kwamba hakuna cha kungojea, amenyang'anywa hata nafasi yake katika foleni.

Watu 4,200 ni wachache wakigawanywa kwa dunia nzima. Watu wa visiwani, waliokesha ufukweni Septemba 2011 ilipozama Spice Islander, na watu wa Kagera, ambao Mei 1996 walipotelewa na ndugu zao katika MV Bukoba, wanafahamu kwamba misiba ya siku moja hupata jina, tarehe na dua ya kila mwaka. Misiba iliyotawanyika, mmoja huku na mmoja kule, mmoja leo na mmoja baada ya mwezi, haipati jina. Hupata lile neno.

Na ni nani hao ambao kwao ugonjwa si mwepesi? Kwa mtoto mwenye afya njema, ni homa ya siku mbili tatu, malengelenge, muwasho, losheni ya kalamini au maji ya majani ya mwarobaini, kisha vigaga, na baada ya wiki moja na kitu amerudi mchezoni. Lakini katika nchi za joto tetekuwanga huchelewa kuwafika watu kuliko katika nchi za baridi, na wengi huipata wakiwa watu wazima. Na mtu mzima huugua zaidi, na mapafu yake huwa hatarini zaidi. Mjamzito aliyeambukizwa katika miezi ya mwanzo huweza, ingawa ni kwa nadra, kumzaa mtoto mwenye makovu au mwenye viungo vilivyodumaa. Kibaya kuliko vyote ni pale vipele vinapomtoka mama katika siku 5 za mwisho kabla ya kujifungua au siku 2 za mwanzo baada yake: mtoto huwa ameshapewa virusi na mamaye, lakini hakuwahi kupewa kinga, kwa sababu mwili wa mama haukupata muda wa kuitengeneza. Mtoto huyo huingia duniani akiwa na adui bila ya ngao. Hapo tabasamu halina nafasi.

Kagera ina sababu yake ya pekee ya kutolidharau jambo hili. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walitambuliwa mkoani humo mwaka 1983, na kabla jina la kitabibu halijawafikia, watu waliyaita maradhi hayo Juliana, kwa jina la nguo zilizokuwa zikivushwa mpakani. Katika miaka iliyofuata, ishara mojawapo iliyosomwa na jirani kwenye mwili wa jirani ilikuwa mkanda wa jeshi, ule upele wa maumivu makali unaozunguka ubavu mmoja kama mkanda wa risasi. Walioutazama kwa hofu si wengi waliojua kwamba mkanda wa jeshi na tetekuwanga ni kitu kimoja. Mtoto akishapona, virusi havimtoki. Hujificha katika mishipa ya fahamu, miaka ishirini, miaka hamsini, vikingoja siku ambayo kinga ya mwili itadhoofika, kwa uzee au kwa maradhi mengine. Kusema kwamba mtoto ameugua tetekuwanga "akamaliza", basi, ni kusema jambo lisilo kweli. Hakumaliza. Amewekewa akiba asiyoiomba.

Hapa ndipo inapoingia ile desturi, inayojulikana pwani na bara, na Ulaya pia, ya kumlaza makusudi mtoto mzima karibu na mgonjwa ili "wamalize pamoja". Desturi hii haistahili kejeli. Mahali ambapo hapana chanjo, na ambapo ugonjwa ukichelewa huja na ukali zaidi, mzazi aliyeibuni alikuwa akipiga hesabu, na hesabu yake haikuwa ya mjinga. Hata hivyo ina kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba humchukulia mtoto kama mali ya kufanyiwa biashara ya bahati nasibu, ilhali mtoto ni amana. Na mwenye amana anaruhusiwa kuihifadhi na hatari, haruhusiwi kuipeleka hatarini kwa kudhani kwamba itarudi salama. Ya pili ni nzito zaidi. Mtoto aliyeambukizwa makusudi hakai peke yake. Huenda kisimani, huenda chuoni, humpakata mdogo wake, hupita karibu na shangazi mwenye mimba. Mzazi alimtolea ruhusa mwanawe, lakini shangazi hakuulizwa, na aliye tumboni mwake ndiye asiyeweza kuulizwa kabisa.

Chanjo yenyewe ilizaliwa kutokana na usiku wa mzazi mmoja. Michiaki Takahashi, tabibu wa Kijapani, alikuwa akifanya kazi Houston, Marekani, mwaka 1964, mwanawe mdogo alipopatwa na tetekuwanga kali. Aliporudi Japani alichukua virusi kutoka kwa mtoto mwingine aliyekuwa mgonjwa, akavilea katika chembechembe hai, kizazi baada ya kizazi, mpaka vikapoteza ukali wake bila ya kupoteza sura yake, na mwaka 1974 akatangaza matokeo. Mtoto aliyetoa virusi hivyo alikuwa wa ukoo wa Oka, na mpaka leo aina hiyo ya virusi huitwa Oka. Kuna kitu cha kutafakari katika jina hilo. Mamilioni ya watoto wasioijua Japani wamekingwa na malengelenge ya mtoto mmoja, ambaye hakuambukizwa makusudi na mtu yeyote, aliugua tu, na ugonjwa wake ukafanywa uwe wa mwisho kwa wengine. Marekani iliidhinisha chanjo hiyo mwaka 1995. Kabla yake, nchi hiyo ilikuwa na wagonjwa wapatao milioni 4 kwa mwaka, zaidi ya 10,000 wakilazwa hospitali na 100 hadi 150 wakifa. Hao waliokufa walikuwa katika nchi tajiri yenye hospitali kila mji, na wao pia waliambiwa kwamba ni kawaida.

Uingereza haikufuata. Kwa takriban miaka thelathini ilikataa kuwapa watoto wake wote chanjo hii, na sababu moja ya kukataa inastahili kutazamwa kwa makini kuliko sababu za bei. Mwaka 1965 daktari wa shamba, Edgar Hope-Simpson wa Cirencester, alieleza kwamba mkanda wa jeshi ni tetekuwanga iliyoamka, na akakisia kwamba mtu mzima anapokuwa karibu na mtoto mgonjwa, kinga yake hukumbushwa na kuimarika. Kutokana na dhana hiyo ikapigwa hesabu: watoto wakiacha kuugua, wazee watapoteza ukumbusho huo, na mikanda ya jeshi itaongezeka. Kwa maneno mengine, homa ya mtoto ilikuwa na faida kwa babu. Baadaye ikaonekana, kwa uzoefu wa Marekani, kwamba hofu hiyo ilikuzwa. Novemba 2023 kamati ya washauri wa serikali ilibadili kauli, na mwaka 2025 ikatangazwa kwamba chanjo itaanza kutolewa Uingereza kuanzia Januari 2026.

Lakini tuseme hesabu ile ilikuwa sahihi. Je, ingekuwa halali? Wapo watakaosema kwamba jamii ni mwili mmoja, na kwamba si vibaya mdogo kumbebea mkubwa. Jibu linapatikana kwa kurudi Songambele, kwenye ile sindano ya mwezi wa 9. Rubela kwa mtoto mwenyewe ni ugonjwa mwepesi sana, pengine mwepesi kuliko tetekuwanga. Chanjo yake, iliyoingia katika mpango wa Tanzania mwaka 2014, hutolewa zaidi kwa ajili ya asiyekuwapo: kichanga ambacho mamaye akiambukizwa katika mimba changa, kitazaliwa na mtoto wa jicho, au kiziwi, au na moyo wenye kasoro. Mtoto wa kiume wa Songambele, ambaye hatabeba mimba maisha yake yote, huchomwa sindano kwa ajili ya mjamzito asiyemjua. Naye pia anambebea mtu mwingine. Tofauti ni katika kile anachobebeshwa. Huyu wa Songambele hubebeshwa kilio cha dakika moja, na mwenyewe huondoka na kinga yake mkononi. Yule wa Uingereza alibebeshwa ugonjwa, huku dawa ya kuuzuia ikiwa dukani, na hakuondoka na chochote isipokuwa virusi vilivyolala mgongoni. Wa kwanza ameshirikishwa katika wema. Wa pili amefanywa ngao. Utu unaikubali ile ya kwanza na kuikataa ya pili, hata kama hesabu za zote mbili zingetoka sawasawa.

Limebaki jambo la wenye nacho. Chanjo ya tetekuwanga si marufuku; mzazi wa mjini mwenye uwezo huweza kumnunulia mwanawe katika hospitali ya binafsi, na hapana sababu ya kumlaumu. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Ila asidhani kwamba amefanya jambo lake peke yake. Shirika la Afya Duniani linaziasa nchi zisiianze chanjo hii kwa watoto wote isipokuwa zina uhakika wa kuwafikia angalau asilimia 80 na kudumu hapo. Sababu ni ya ajabu kwa asiyeizoea: wakichanjwa nusu nusu, virusi havitoweki, hupungua mwendo tu, na waliobaki bila ya chanjo, badala ya kukutana navyo wakiwa na miaka mitano, hukutana navyo wakiwa na ishirini na tano, wakati wa mimba na wa majukumu. Kinga ya wachache huweza kuusogeza ugonjwa kutoka kwa watoto wa maskini kwenda kwa mama zao. Wanunuzi wa leo hawajafika idadi ya kuleta madhara hayo, lakini wakizidi bila ya mpango, faida ya nyumba moja itakuwa imeandikwa kama hasara katika nyumba ambayo mnunuzi hataiona. Kwa hiyo anayemchanja mwanawe kwa fedha zake ana haki ya kufanya hivyo, na papo hapo amepata sababu mpya ya kudai kwamba wa Songambele naye afikiwe.

Mpaka zamu hiyo ifike, wajibu uliopo ni mdogo na unafahamika. Mtoto mgonjwa hukaa nyumbani, haendi skuli wala kliniki ya wajawazito, mpaka vipele vyote viwe vigaga. Hapewi aspirini. Kucha zake hukatwa. Jirani mwenye mimba ambaye hakumbuki kuugua utotoni huambiwa mapema, na mwenye kuishi na virusi vya UKIMWI huambiwa pia, bila ya haya na bila ya kunong'onezana. Wengi hufanya hivyo vizuri, huko Kyerwa na huku visiwani. Isipokuwa tetekuwanga huanza kuambukiza siku moja au mbili kabla ya kipele cha kwanza kuonekana, wakati mtoto bado anacheza, na bado anapakatwa, na hapana mtu ndani ya nyumba mwenye sababu yoyote ya kumweka mbali na mtu.